Mzazi na Somo la Historia: Taarifa Zinazotangulia Alama

Katika shule nyingi za sekondari nchini Tanzania, taarifa ambayo mzazi huipokea kuhusu somo la Historia ni tarakimu mbili na herufi moja, zilizoandikwa kwenye ripoti ya maendeleo ya mwanafunzi mwishoni mwa muhula, zikiwa zimebanwa kati ya alama za Jiografia na za Kiswahili. Tarakimu hizo humwonyesha mzazi kiasi alichopata mtoto, lakini hazimwelezi mtoto alifundishwa nini, aliulizwa nini, wala ni jambo gani hasa lililomshinda. Na kwa kuwa hufika muhula ukiwa umekwisha, hata mzazi mwenye nia njema hubaki na njia mbili tu, ama kupongeza ama kugomba. Makala haya yanamshauri mwalimu wa Historia, pamoja na mkuu wa shule anayemsimamia, juu ya namna ya kumpelekea mzazi taarifa zinazotangulia alama, yaani taarifa za mada zitakazofundishwa, kazi zitakazotolewa na mambo yanayoweza kuzua maswali nyumbani. Ushauri huu umejengwa juu ya hoja moja: mzazi wa mwanafunzi wa Historia anashika sehemu ya maarifa yanayofundishwa darasani, na kwa sababu hiyo anastahili kuambiwa mapema, kwa lugha anayoitumia nyumbani kwake.

Hoja hiyo inahitaji kufafanuliwa, kwa sababu si kila somo liko hivyo. Mzazi aliyeishia darasa la saba anaweza kushindwa kabisa kumsaidia mwanawe kukokotoa milinganyo ya Hisabati, lakini mzazi huyohuyo anajua ukoo wake ulitoka wapi, mashamba ya kijijini yaligawanywaje, babu yake alilimishwa zao gani wakati wa Waingereza, na kwa nini mtaa fulani unaitwa kwa jina unaloitwa. Maarifa hayo hayafiki darasani kwa sababu hakuna aliyeyaulizia, na mara nyingi kikwazo cha kwanza ni lugha. Kwa miaka mingi Historia imefundishwa kwa Kiingereza katika sekondari, hivyo daftari linaloletwa nyumbani humfungia mlango mzazi asiyeisoma lugha hiyo, akadhani kwamba mambo yaliyomo humo ni mageni kwake, kumbe huenda ni habari za bibi yake mwenyewe. Chini ya mtaala ulioboreshwa unaotokana na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, somo la Historia ya Tanzania na Maadili limeanza kufundishwa kwa Kiswahili kuanzia Kidato cha Kwanza, likiwa somo la lazima, na kwa hilo mlango umefunguliwa upande mmoja. Wakati huohuo mabadiliko yameleta mkanganyiko mpya, kwani wazazi wengi hawajui kama somo hilo ndilo lile la Historia walilolisikia zamani au ni jingine. Taarifa ya kwanza kabisa ambayo shule inapaswa kuitoa ni hiyo: mtoto anasoma masomo gani ya historia, kwa lugha gani, na kila moja linapimwa vipi.

Mwalimu hahitaji kutunga jambo jipya ili kuandaa taarifa za mzazi, kwa maana nyaraka zinazohitajika anazo tayari. Muhtasari wa somo, ulioandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, hutaja mada na umahiri unaotarajiwa kwa kila kidato. Azimio la kazi, ambalo mwalimu huliandika kabla ya muhula kuanza, hupanga mada hizo kwa wiki na kwa vipindi. Na andalio la somo huonyesha kitakachofanyika katika kipindi kimoja. Kati ya nyaraka hizo tatu, lililo karibu zaidi na haja ya mzazi ni azimio la kazi. Muhtasari ni mpana mno na umeandikwa kwa lugha ya wataalamu, na andalio ni dogo mno, linalobadilika siku hadi siku. Azimio lina kipimo cha muhula mzima na lina tarehe. Mwalimu akikaa nalo kwa jioni moja, akachota mada kuu, wiki zake na kazi zake, akaziandika upya kwa Kiswahili cha kawaida, atakuwa amepata barua ya mzazi isiyozidi ukurasa mmoja, inayoweza kutolewa nakala kwa mikondo yote ya kidato hicho. Hili la ukurasa mmoja lizingatiwe kwa uzito, kwa sababu mwalimu mwenye mikondo minne ya wanafunzi zaidi ya 50 kila mmoja hawezi kumwandikia kila mzazi peke yake, na mpango unaomtaka afanye hivyo utakufa kabla ya mwezi wa pili.

Barua hiyo iandikwe namna gani? Ianze na salamu na utambulisho wa mwalimu, ipitie kwa mkuu wa shule na kugongwa mhuri ili mzazi aiamini, kisha iingie moja kwa moja kwenye mada. Kwa Kidato cha Tatu, kwa mfano, mwalimu anaweza kuandika hivi: “Ndugu mzazi au mlezi, muhula huu wanafunzi watajifunza jinsi mataifa ya Ulaya yalivyoigawana Afrika, hasa baada ya mkutano uliofanyika Berlin kuanzia 1884 hadi 1885, na jinsi wenyeji wa nchi yetu walivyopambana na utawala wa Wajerumani, wakiwemo watu wa pwani chini ya Abushiri, Wahehe chini ya Mkwawa, na jamii za kusini katika Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Kila mwanafunzi ataandika insha mbili na kufanya jaribio moja kabla ya mtihani wa muhula. Insha ya kwanza itakusanywa wiki ya tano. Tunaomba umuulize mwanao habari hizi, naye akueleze kwa lugha mnayozungumza nyumbani.” Maneno hayo yanasomeka kwa muda mfupi, na mzazi akimaliza kuyasoma anajua mambo matatu ambayo ripoti ya mwisho wa muhula isingemwambia: mtoto anasoma nini, anadaiwa kazi gani, na yeye mwenyewe anatakiwa afanye nini.

Sehemu ya mwisho ya barua hiyo, ile inayomwomba mzazi aulize, ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote, nayo isiachwe ielee. Mzazi akiambiwa tu “fuatilia masomo ya mwanao” hupata ugumu wa kujua aanzie wapi, na matokeo yake ni lile swali la kila jioni, “Umesoma leo?”, linalojibiwa kwa neno moja. Afadhali mwalimu ampe swali lenyewe. Katika taaluma ya historia, chanzo ni kitu chochote ambacho mwanahistoria hukitumia kupata habari za wakati uliopita, iwe ni masimulizi ya mzee, barua ya ofisa wa kikoloni, kigae cha chungu kilichofukuliwa ardhini au jina la mahali; na ushahidi ni kile ambacho chanzo hicho kinathibitisha baada ya kuhojiwa. Mwanafunzi anayeielewa Historia hutofautishwa na anayeikariri kwa uwezo wake wa kueleza jambo limejulikanaje. Kwa hiyo mzazi akifundishwa kumuuliza mtoto, “Nani alisema hivyo, naye alijuaje?”, atakuwa ameuliza swali ambalo hata mtahini angeliuliza, na hatahitaji kujua jibu wala kujua Kiingereza ili kutambua kama mtoto anajibu kwa kujiamini au anababaisha. Mtoto anayelazimika kuhamisha habari kutoka Kiingereza cha daftarini hadi Kiswahili, Kihehe au Kinyakyusa cha sebuleni hulazimika kuzielewa kwanza, na zoezi hilo la dakika kumi humjenga kuliko saa nzima ya kunakili maelezo ya mwenzake.

Ziko mada ambazo taarifa yake haipaswi kusubiri barua ya jumla, kwa sababu mzazi akizisikia kwanza kutoka kwa mtoto, tena nusunusu, anaweza kuja shuleni akiwa amekwisha kuchukia. Mada ya chimbuko la binadamu ni mfano ulio wazi. Tanzania ndiyo yenye Bonde la Olduvai, ambako mwaka 1959 Mary Leakey aligundua fuvu la kiumbe wa kale lililopewa jina la Zinjanthropus, na yenye Laetoli, ambako katika miaka ya 1970 zilifukuliwa nyayo zilizoachwa katika majivu ya volkano zaidi ya miaka milioni tatu na nusu iliyopita; haiwezekani basi kufundisha historia ya nchi hii na kuyaruka maeneo hayo. Hata hivyo mtoto anayefika nyumbani na kutangaza kwamba “mwalimu amesema tumetokana na nyani” huiweka familia ya Kikristo au ya Kiislamu katika mashaka ya haki kabisa, zaidi kwa kuwa sentensi hiyo si tafsiri sahihi ya kile kilichofundishwa. Mwalimu anayetangulia kumwandikia mzazi kwamba darasa litasoma nadharia ya mabadiliko ya viumbe, akaeleza kuwa nadharia katika sayansi ni maelezo yanayounganisha ushahidi mwingi uliochunguzwa na wala si kubahatisha, na akaongeza kuwa mtihani hupima uelewa wa maelezo hayo bila kumuuliza mwanafunzi imani yake, atakuwa amempa mzazi nafasi ya kuzungumza na mtoto kwa utulivu. Wazazi wengine bado hawataridhika, na ni haki yao. Ila watakuwa wanapingana na jambo lililosemwa kweli, wala si na uvumi.

Biashara ya utumwa inahitaji uangalifu wa namna nyingine, kwa kuwa hatari yake haiko baina ya mzazi na mwalimu peke yao, iko pia baina ya watoto wenyewe darasani. Katika miji kama Bagamoyo, Kilwa, Tanga na Tabora, wanafunzi wanaokaa dawati moja wanaweza kuwa wajukuu wa vitukuu wa waliouzwa, wa waliouza na wa waliokuwa wapagazi wa misafara, na somo linalofundishwa kwa pupa huweza kugeuka kuwa matusi ya rangi au ya dini wakati wa mapumziko. Barua ya mada hiyo inapaswa kumweleza mzazi kwamba darasa litaichunguza biashara hiyo kwa upana wake: wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walioongoza misafara, watawala wa bara waliouza mateka wa vita, wafadhili wa Kihindi waliokopesha mitaji, Wafaransa waliotaka watu wa kufanya kazi katika mashamba yao ya Mauritius na Réunion, na wenye mashamba ya karafuu wa Unguja na Pemba. Ieleze pia kwamba Sultani Barghash alitia saini mwaka 1873 mkataba uliofunga soko la watumwa la Unguja, na kwamba utumwa wenyewe haukukoma siku hiyo. Mzazi aliyepewa picha hiyo pana anaweza kumkemea mtoto wake anapomwita mwenziwe kwa jina la kashfa, na anajua kwamba shule nayo haitalivumilia. Uangalifu wa jinsi hiyohiyo unafaa kwa Mapinduzi ya Zanzibar ya tarehe 12 Januari 1964, ambayo familia moja huyakumbuka kama siku ya ukombozi na nyingine kama siku ya kupoteza ndugu, na kwa uhamishaji wa watu kwenda vijiji vya ujamaa katika miaka ya 1970, ambao kwa baadhi ya kaya uliambatana na kuchomewa nyumba.

Mpaka hapa mzazi ameelezwa kama mtu anayeambiwa, lakini sehemu yenye utajiri zaidi ya uhusiano huu ni pale anapoulizwa. Historia ya Tanzania yenyewe ina mfano mkubwa wa jambo hilo. Mwaka 1968, zaidi ya miaka 60 tangu Vita vya Majimaji, wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, ambacho wakati huo kilikuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, walikwenda katika maeneo yaliyopiganiwa na kuwahoji wazee, na masimulizi waliyoyakusanya yaliiwezesha historia ya vita hivyo kuandikwa kwa maneno ya waliopigana na watoto wao, badala ya kutegemea taarifa za maofisa wa Kijerumani peke yake. Waliofanya kazi hiyo hawakuwa maprofesa wote. Wengi walikuwa vijana waliotumwa kuuliza kwa adabu na kuandika kwa makini. Mwanafunzi wa Kidato cha Pili anaweza kufanya kazi hiyohiyo kwa kipimo chake, nyumbani kwake, endapo mzazi ameandaliwa.

Maandalizi hayo ndiyo yanayosahaulika mara nyingi. Mtoto huambiwa darasani, “Nendeni mkamuulize mzee habari za zamani,” naye akirudi nyumbani anamkuta bibi amechoka, hajui aulize nini, na kesho yake anaandika chochote. Mwalimu anayetaka masimulizi ya maana humpelekea mzazi karatasi fupi inayotaja kusudi la zoezi, maswali manne au matano, muda unaohitajika, na haki ya msimuliaji kukataa swali lolote au kuomba jina lake lisitajwe. Maswali yawe ya mambo yanayoshikika: zao lililolimwa na bei yake, njia iliyotumika kwenda mnadani, redio ya kwanza kijijini, shule ya kwanza na mwalimu wake, mwaka wa njaa na chakula kilicholiwa. Swali kama “Ukoloni ulikuwa na athari gani?” humfanya mzee ajibu kwa maneno aliyoyasikia kwenye hotuba, wakati swali la nani alikuwa akikusanya kodi, alipita mwezi gani, na asiyekuwa nayo alifanywa nini, humfanya asimulie.

Isidhaniwe kwamba mzazi kijana hana cha kusimulia. Wazazi wengi wa wanafunzi wa leo walizaliwa baada ya Azimio la Arusha la 1967, na wengine baada ya Vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979, ambavyo walivisikia kwa baba zao tu. Lakini walikuwa watoto au vijana mfumo wa vyama vingi uliporejeshwa mwaka 1992, wakauona uchaguzi mkuu wa kwanza wa mfumo huo mwaka 1995, wakapitia mvua za El Niño za 1997 na 1998, na wanakumbuka walikuwa wapi tarehe 14 Oktoba 1999 iliposikika redioni kwamba Mwalimu Nyerere amefariki. Mzazi anayeambiwa kwamba kumbukumbu hizo ni chanzo cha historia hushangaa kwanza, kisha hujivuna, na tangu hapo huliona somo kwa jicho jingine. Tahadhari ni kwamba kumbukumbu nyingine zina majonzi. Kuzama kwa meli ya MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996 ni tukio la kihistoria linalostahili kuchunguzwa, na katika mikoa ya Kagera na Mwanza ni msiba ulioingia katika nyumba nyingi. Mwalimu asimtume mtoto kulidodosa bila kumjulisha mzazi, ambaye peke yake ndiye anayejua nani katika ukoo bado hajaweza kulizungumza.

Kuhusu njia za kupeleka taarifa, hakuna moja inayofaa shule zote. Katika shule ya kutwa barua inaweza kubebwa na mwanafunzi mwenyewe na kurudishwa na kipande chenye saini, lakini katika shule ya bweni barua ya namna hiyo hukaa kwenye sanduku la bati mpaka likizo, hivyo inafaa igawiwe kwa wazazi siku ya kufungua shule au siku ya kuwatembelea wanafunzi. Ujumbe mfupi wa simu humfikia hata mwenye simu ya kitochi, na kwa kuwa ujumbe mmoja huchukua herufi 160 pamoja na nafasi zake, mwalimu hulazimika kusema jambo moja tu, jambo ambalo ni zuri kwa kila mtu: “Wazazi wa Kidato 3: wiki hii Historia ni Majimaji. Muulize mwanao vita vilianzia wapi, kwa nini, na imejulikanaje. Mwl. wa Historia.” Mtoto aliyesoma atataja Umatumbi mwaka 1905, atazungumzia kilimo cha pamba cha kulazimishwa, na atasema habari hizo zimetokana na masimulizi ya wazee na nyaraka za serikali ya Kijerumani. Mzazi asiyejua kusoma asiachwe nyuma. Kwa huyo simu ya kupigwa ndiyo barua, au neno la mdomo kupitia mjumbe wa kamati ya wazazi anayeishi mtaa wake. Kadhalika isisahaulike kwamba wanafunzi wengi hulelewa na bibi, shangazi au kaka, na namba iliyoandikwa kwenye fomu ya kujiunga huenda ni ya mzazi aliye mbali ambaye hamwoni mtoto kwa miezi. Mwalimu wa darasa ahakikishe mwanzoni mwa mwaka ni nani anayelala nyumba moja na mwanafunzi.

Makundi ya WhatsApp yamekuwa njia ya haraka katika shule za mijini, na yana manufaa yake kwa matangazo ya jumla, lakini yametumika vibaya pale mwalimu anapopiga picha karatasi ya matokeo ya darasa zima na kuirusha humo, kila mzazi akaona aliyeshika mkia ni mtoto wa nani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeweka masharti juu ya kukusanya na kusambaza taarifa za mtu binafsi, na alama za mtoto aliyetajwa kwa jina ni taarifa za namna hiyo. Hata bila sheria, fedheha ya mtoto mbele ya wazazi 60 haijawahi kumfundisha Historia. Baraza la Mitihani la Tanzania lenyewe liliacha mwaka 2023 desturi ya kutangaza wanafunzi na shule zilizoongoza katika matokeo ya Kidato cha Nne, na ingekuwa ajabu shule kuendeleza kwenye simu mashindano ambayo baraza limeyaacha. Alama zipelekwe kwa mzazi mmoja mmoja.

Alama hizo zinapopelekwa, ziambatane na ufafanuzi. Katika utaratibu wa madaraja unaotumika kwa Kidato cha Nne, A ni kuanzia 75, B ni 65 hadi 74, C ni 45 hadi 64, D ni 30 hadi 44, na chini ya hapo ni F. Mzazi asiyejua hilo huona 46 akamwadhibu mtoto kwa kufeli, na mwingine huona D akadhani mambo ni mazuri kwa kuwa si F. Baada ya herufi, mwalimu aseme ni nini hasa kilichokosekana, kwa sentensi mbili zinazoeleweka. Kwa mfano, mwanafunzi aliyepata 38 katika insha ya sababu za Vita vya Majimaji anaweza kuwa anazijua sababu zote: kodi ya kichwa, kazi ya shokoa, mashamba ya pamba, ukatili wa maakida; kilichomwangusha ni kwamba amezitaja kama orodha bila kueleza jinsi kila moja ilivyowasukuma watu kushika silaha. Mzazi akiambiwa, “Mwanao anajua matukio ila haelezi kwa nini yalitokea, akikusimulia jambo lolote, muulize kwa nini,” amepewa dawa anayoweza kuitoa mwenyewe jikoni. Akiambiwa “aongeze bidii”, hakuambiwa kitu.

Namna ya kuzungumza na mzazi nayo ina uzito wake. Kwa wazazi wengi, kuitwa shuleni kumekuwa na maana moja tu, kwamba mtoto amekosa, na mzazi hufika akiwa ameshika hasira mkononi, wakati mwingine pamoja na fimbo. Mwalimu anayepiga simu mara ya kwanza kwa ajili ya jambo jema, akaanza kwa shikamoo panapostahili, akauliza hali ya nyumbani kabla ya kuingia kwenye shabaha, na akamtaja mzazi kwa heshima anayoitwa mtaani, yaani Baba au Mama wa fulani, huvunja mazoea hayo, na simu ya pili, yenye habari ngumu, hupokelewa vizuri. Inapotokea mzazi analalamikia mada, mwalimu asikilize mpaka mwisho, aandike hoja yake, na amweleze kwa ukweli mipaka iliyopo: mada zimewekwa na muhtasari wa taifa na mwalimu hawezi kuziondoa, lakini mifano, lugha na namna ya kufundisha viko mikononi mwake, na katika hayo maoni ya mzazi yanaweza kubadilisha kitu. Yaliyo juu ya uwezo wake yafikishwe kwa mkuu wa shule na, ikibidi, kwa bodi ya shule.

Ziara za mafunzo zinahitaji barua ya peke yake. Wanafunzi wanaopelekwa Kilwa Kisiwani, Bagamoyo, Kalenga au kwenye michoro ya miambani ya Kondoa hujifunza kwa siku moja mambo ambayo kitabu huyaeleza kwa kurasa nyingi, lakini mzazi anataka kujua gari, muda wa kurudi, chakula, mwalimu wa kike atakayefuatana na wasichana, na gharama. Kwa kuwa ada ya elimu ya sekondari ya kawaida ilifutwa katika shule za serikali tangu Januari 2016, mchango wowote wa ziara huulizwa maswali, na ni sawa uulizwe. Barua iseme waziwazi kuwa mchango ni wa hiari, umepitishwa kwa utaratibu gani na mamlaka gani, na mwanafunzi asiyeweza kuchangia atapewa kazi ipi yenye uzito uleule, kwa mfano kumhoji mzee wa mtaani au kuchora ramani ya majengo ya zamani yaliyo karibu na shule. Baada ya ziara, wazazi wapelekewe aya mbili za kile kilichoonwa, ikiwezekana zilizoandikwa na wanafunzi wenyewe.

Mwisho, kazi yote hii itunzwe katika daftari moja la mawasiliano, lenye nakala ya barua za kila muhula, tarehe za simu zilizopigwa, malalamiko yaliyopokelewa na majibu yake, pamoja na majina ya wazazi na wazee waliokubali kusimulia na mambo wanayoyajua vizuri. Walimu wa sekondari huhamishwa, pengine katikati ya mwaka, na anayekuja huanza upya kwa wazazi wasiomjua. Mkuu wa shule alichukulie daftari hilo kama sehemu ya makabidhiano ya ofisi, sawa na azimio la kazi na kitabu cha alama, ili mwalimu mpya ajue siku ya kwanza kwamba kwenye mtaa wa nyuma ya shule yuko mzee aliyekuwa karani wa ushirika wa pamba, na kwamba yuko tayari kuja darasani akiombwa wiki moja kabla.